Bahari Tupu

Miaka kumi na sita nimepiga vichwa
pale Chikongola, mbele ya kitambaa cha buluu:
vichwa vya leseni, vya mkopo, vya kitambulisho.
Kidevu juu kidogo, mama. Masikio yaonekane.
Kisha akaja mtu wa kalenda,
akanipa hela ya mafuta ya pikipiki na juma moja.
"Nataka pwani, fundi, Msimbati mpaka Mchinga.
Bahari tupu. Watu wana kelele hata wakinyamaza."
Nikaifunga kamera ndani ya kile kitambaa, isigongwe na barabara.

Jumamosi, Msimbati.
Mchanga mgumu kama sakafu, gurudumu halizami.
Maji yalipokupwa nikapiga weupe hadi macho yakaniwasha,
na kila nilipobonyeza, mtoto mmoja na ndoo yake
akaingia kwenye kona ya kulia.
Nikamngoja apite. Akaningoja nimalize.
Tukangojana hivyo mpaka jua likatupita wote wawili.

Jumapili, Mikindani, nikapata nyumba iliyobaki ngazi:
vidato vitatu, kizingiti, na mbuzi
aliyenitazama sawasawa kama mtu wa pasipoti.
Huyo sikumfukuza. Mbuzi si watu.

Jumatatu mvua. Sudi. Nilikula pweza wa nazi
na kufuta lenzi kwa shati, kutwa nzima.

Jumanne niliingia mikokoni,
matope yakanishika hadi magotini, yakabaki na ndala ya kushoto.
Mizizi imechomoza kama vidole vya watu mkutanoni
walioomba kusema, mwenyekiti hakuwaona.

Jumatano, majaruba ya chumvi, karibu na Lindi.
Mbingu ilikuwa imelala chini, kipande kwa kipande,
kila jaruba na wingu lake.
Katikati ya wingu mojawapo, mwanamke na reki.
Nikamwomba asogee.
"Nisogee wapi?"
"Nje ya picha."
Hakukasirika. Aliegemea reki yake.
"Mwaka juzi alikuja mmoja, akanipiga nimeinama.
Mwaka jana wawili, wakanipiga na mtoto mgongoni.
Wote walisema tutakuletea.
Kupigwa nimezoea. Wewe angalau unanifukuza mapema."
Nikamuuliza jina.
"Sijaona," akasema. "Na picha zangu ndivyo hivyo hivyo."

Waliozipa siku majina walihesabu mpaka tano wakachoka;
Alhamisi na Ijumaa hazina namba.
Na mimi hesabu iliniponyoka hapo.
Mchinga sikufika.

Alhamisi nilirudi majarubani,
nikafungua kitambaa changu, nikakitundika kwenye miti miwili,
kikapigwa na upepo, kikatulia.
Wakaja: Sijaona, Bi Mwanaidi Nangwawa, wale wasichana wa magunia,
msimamizi mwenyewe akiwa na kofia, akavua.
Wakanawa chumvi usoni, wakajifuta kwa khanga.
Kidevu juu kidogo, mama.
Nilisema maneno yangu yale yale ya miaka kumi na sita
na kwa mara ya kwanza nikayasikia.

Ijumaa asubuhi, Lindi mjini,
hela ya mafuta yote ikaishia kwenye mashine ya kuchapa.
Picha ishirini na tatu, bado za moto.
Nikazipeleka baada ya swala, pikipiki ikikohoa.

Sijaona aliishika yake kwa ncha za vidole,
akaisogeza mbali, akaileta karibu,
akaigeuza kutazama mgongoni kama kuna kitu kimeandikwa.
"Huyu amezeeka," akasema. "Sawa, ni mimi.
Lakini bahari iko wapi?"
"Ipo. Nyuma ya kitambaa."
Akanitazama kwa muda, kama anavyotazamwa mtu
aliyefunika chakula kisha akalalamika njaa.
"Miaka yote hii nafanya kazi mbele yake," akasema,
"ungeiacha nayo ionekane."

Betri ilikuwa na mstari mmoja, mwekundu.
Nikaenda kufungua mafundo.